Mwekezaji anataka hati za shamba letu la Kayenze ziandikwe jina lake ndipo atoe fedha. Nisaini?

Barua

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ilemela, nina miaka 36, nimeolewa. Baba yetu alifariki miaka mitatu iliyopita akatuachia shamba la ekari tano Kayenze. Upande wa juu linapakana na barabara, upande wa chini linagusa ziwa. Kaka yangu mkubwa alipima kwa kamba, akasema upande wa ziwa una kama mita 100. Mama yetu yupo, anaishi kwenye nyumba ile ya juu aliyojenga na baba. Watoto tuko watano. Ukoo ulikaa, wakanipendekeza mimi niwe msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo ikanithibitisha. Shamba halijapimwa. Tulicho nacho ni karatasi ya mauziano ya mwaka 1994 yenye mhuri wa kijiji wa enzi hizo, na majirani wanaotufahamu.

Mdogo wangu wa kiume anataka tuuze lote tugawane. Mama hataki kusikia habari hiyo, na mimi niko upande wa mama. Tukiwa katika mvutano huo, dalali mmoja wa Buswelu akatuletea mwekezaji. Ni mtu mwenye kampuni, amekuja na gari lake na mchoro mkubwa, anaongea vizuri, na mama alimpikia sato. Anasema shamba kama letu ni mtaji uliolala. Yeye atatoa shilingi milioni 150. Kati ya hizo, milioni 30 ni za mchoro wa mipango miji, upimaji, kuchonga barabara na kuvuta maji. Milioni 120 ni za kujenga nyumba nne za mfano, kila moja milioni 30. Mchoro wake unaonyesha viwanja 30 vya mita za mraba 600. Nyumba nne zitauzwa milioni 55 kila moja, viwanja 26 vilivyobaki vitauzwa milioni 12 kila kimoja. Jumla milioni 532.

Masharti yake ni haya. Muda ni miezi 18. Riba ni asilimia tano kwa mwezi kwa fedha yote, na riba ya miezi mitatu ya kwanza anaikata palepale. Kuna ada ya maandalizi asilimia tatu, nayo inakatwa mwanzoni. Baada ya deni na riba kulipwa, faida inayobaki tunagawana nusu kwa nusu. Ametuambia sisi hatutakosa milioni 120 na zaidi, bila kutoa hata shilingi moja mfukoni.

Kinachoninyima usingizi ni kifungu cha saba. Nakinakili kama kilivyo: "Ardhi itapimwa na hati zote zitatolewa kwa jina la Mfadhili. Mmiliki atarejeshewa viwanja ambavyo havijauzwa baada ya deni lote kulipwa." Nilipomuuliza, akajibu kwamba ndivyo wafadhili wote wanavyofanya, kwa sababu shamba lisilo na hati benki hailiangalii, na yeye anabeba hatari peke yake.

Baba mdogo anasema nafasi kama hii haiji mara mbili. Kaka mkubwa anasema kwa kuwa msimamizi ni mimi, nisaini tu, wengine wataelewa wakiona nyumba zinapanda. Mume wangu hataki kuingilia, anasema ni mali ya kwetu. Na mdogo wangu ameshaanza kupeleka watu shambani kuwaonyesha.

Mwekezaji ametupa hadi mwisho wa mwezi. Nisaini? Na nisiposaini, tufanye nini, maana hela ya kupima kweli hatuna?

Mwalimu, Kayenze

Jibu

Marahaba mwanangu. Pole na msiba wa baba, na pole na mzigo uliotwishwa na ukoo.

Usisaini mkataba huo. Nitakueleza kwa nini, na kifungu cha saba nitakifikia, lakini sianzii hapo. Naanzia kwenye mchoro, kwa sababu hesabu zote alizowapa zimesimama juu ya viwanja 30, na viwanja 30 havimo katika shamba lenu.

Chukua karatasi tuhesabu pamoja. Ekari moja ina mita za mraba kama 4,047, kwa hiyo ekari tano ni kama 20,235. Viwanja 30 vya mita 600 vinakula 18,000. Zinabaki 2,235. Humo ndimo ziingie barabara zote za ndani, nyumba ya mama yako na uwanja wake, na ufukwe. Haiwezekani. Afisa mipango miji wa manispaa hawezi kuupitisha mchoro wa namna hiyo hata akiwa shemeji yake.

Halafu kuna ziwa lenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kama upande wenu wa chini una mita 100, mita 60 kwa 100 ni mita za mraba 6,000, karibu ekari moja na nusu. Hapo hapajengwi nyumba ya kuuza. Na si sheria ya kwenye makaratasi tu: wewe ni mtu wa Kayenze, uliona mwenyewe maji yalivyopanda mwaka 2020, na yakapanda tena 2024, yakawafuata watu waliojenga karibu. Kumuuzia mtu kiwanja cha namna hiyo kwa sifa ya "kinatazama ziwa" ni kumtia hasarani ukiwa unajua. Ukanda huo uacheni kama ulivyo, na njia ya wanawake wanaoanika dagaa ibaki ilipo.

Ondoa basi zile 6,000, zinabaki kama 14,200. Mtengee mama kiwanja chake kikubwa cha mita 1,200 kinachoizunguka nyumba yake. Zinabaki 13,000. Barabara na maeneo ya wazi yakichukua robo, na mara nyingi yanachukua zaidi ya hapo, unabaki na 9,750. Hivyo ni viwanja 16. Na hapo sijagusa majabali. Nyote mnaoishi huku mnajua kwamba jiwe la Mwanza huwa halionyeshi ukubwa wake mpaka fundi aanze kuchimba msingi. Mpima akikuta mwamba katikati ya kiwanja, kiwanja hicho bei yake inashuka.

Sasa rudia hesabu zake kwa viwanja 16. Nyumba nne kwa milioni 55 ni milioni 220. Viwanja 12 vilivyobaki kwa milioni 12 ni milioni 144. Jumla 364, wala si 532. Deni lake ni milioni 150. Riba ya asilimia tano kwa mwezi ni milioni saba na nusu, na kwa miezi 18 ni milioni 135. Jumla mnamlipa 285, bila kuhesabu ada. Inabaki milioni 79. Mkigawana nusu kwa nusu, ninyi mnapata milioni 39 na nusu. Mko sita pamoja na mama, kwa hiyo kila mmoja anaondoka na kama milioni sita na nusu kwa ekari tano za Kayenze. Hapo nimekubali kila kitu kiende kama alivyosema: nyumba zote ziuzwe, viwanja vyote viuzwe, ndani ya miezi 18, hakuna aliyechelewa kulipa, hakuna saruji iliyopanda bei.

Linganisha na hili. Mkiacha nyumba, mkapima na kuchonga barabara tu kwa milioni 30, mkauza viwanja 16 kwa bei hiyohiyo ya milioni 12, mnapata milioni 192. Tuseme hizo 30 mmezikopa kwa asilimia tatu na nusu kwa mwezi kwa mwaka mzima. Riba ni milioni 12 na laki sita. Mnabaki na karibu milioni 149, zote zenu.

Ukiziweka hesabu hizi mbili pamoja utaona nyumba nne zile zimewekwa kwa faida ya nani. Nyumba ndizo zinazofanya mkopo uwe mkubwa, na mkopo mkubwa ndio unaozaa riba. Mwanza watu wengi wanajenga kidogo kidogo: leo msingi, mwakani boma, mwaka wa tatu kupaua, wakihamia na milango ya mbao za kugongelea. Mtu wa namna hiyo anatafuta kiwanja kilichopimwa. Nyumba iliyokamilika ya milioni 55 inamngoja mtumishi mwenye mkopo wa nyumba benki, au mtu aliyepo nje ya nchi. Wanunuzi hao wapo, lakini ni wachache na hawana haraka, na riba ya mwekezaji wako haisubiri.

Tuje kwenye fedha yenyewe, jinsi inavyotoka. Anasema milioni 150. Anakata riba ya miezi mitatu, milioni 22 na nusu. Anakata ada asilimia tatu, milioni nne na nusu. Mkononi mnapokea 123. Kazi ni ya 150. Pengo la milioni 27 limefunguka siku ya kwanza kabla jembe halijaingia ardhini, na karibu nyumba moja nzima imeshaondoka. Riba lakini inahesabiwa kwa 150. Saba na nusu kwa 123 ni zaidi ya asilimia sita kwa mwezi, kwa hiyo hata ile tano si tano.

Na zote zinatoka mara moja. Hili watu wengi hawalioni. Mchoro wa mipango miji mpaka upitishwe, upimaji mpaka uidhinishwe, hati mpaka zitoke, ni miezi. Tuseme sita. Miezi yote hiyo hakuna tofali linaloweza kuwekwa, ila milioni 120 za nyumba zimeshahesabiwa kwenu na zinazaa riba ya milioni sita kila mwezi. Milioni 36 zinateketea huku nyasi zikiota shambani. Fedha hiyo ingejenga nyumba moja na chenji ikabaki.

Mfadhili wa kweli wa miradi ya ardhi hatoi fedha hivyo, na hilo si kwa huruma, ni kwa kujilinda yeye mwenyewe. Anatoa kwa awamu. Awamu ya kwanza inalipa mchoro na upimaji. Mpima akileta ramani iliyoidhinishwa na bikoni, yaani alama za mipaka, zikaonekana ardhini, inatoka ya barabara na maji. Ya msingi inatoka msingi unapoanza, ya linta inatoka msingi ukishakaguliwa na mkadiriaji majenzi ambaye si fundi wenu wala si mtu wa mfadhili. Riba inahesabiwa kwa kile kilichotoka tu. Huyo wako kumwaga yote kwa mkupuo kunanipa wasiwasi kwamba anachokitegemea kumlipa si mradi kufanikiwa.

Ndipo tunafika kifungu cha saba.

Nchi hii ardhi ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na sisi tunapewa haki ya kuitumia. Haki hiyo inatambulika kwa jina lililoandikwa kwenye hati na kwenye daftari la Msajili wa Hati. Hati zikitoka kwa jina la kampuni yake, kwa macho ya msajili shamba ni la kampuni yake. Anaweza kuliweka rehani benki kwa deni lake jingine. Anaweza kuuza kiwanja cha kona usiku mmoja. Kampuni ikifilisika, wadai wake watakuja Kayenze. Ninyi mtakachokuwa nacho ni ahadi kwenye karatasi, na mahakama mtakayoenda kuidai kwa miaka, mama akiwa anaishi kwenye nyumba ambayo hati yake ina jina la mtu wa Dar es Salaam au popote atokako.

Anasema wafadhili wote wanafanya hivyo. Si kweli. Njia ya kumlinda anayekopesha ipo kwenye Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inaitwa rehani. Hati inabaki na jina la mmiliki, deni linaandikishwa juu yake, na mmiliki hawezi kuuza bila mkopeshaji kuachia. Mkopeshaji amelindwa. Lakini na mkopaji naye amelindwa: ukishindwa kulipa, lazima upewe notisi ya maandishi inayokuambia umekosea wapi, na una siku 60 za kurekebisha. Akifika hatua ya kuuza, sheria inamtaka atafute bei nzuri inayoweza kupatikana, na kinachozidi deni ni chako. Kifungu cha saba kinaruka ulinzi wote huo. Ukichelewa mwezi mmoja, hahitaji notisi, kwa sababu kwenye daftari hakuna anayemdai wala anayedaiwa, kuna mwenye shamba tu, naye ni yeye. Na hata mkimaliza kulipa, kurudisha viwanja kwenu ni uhamisho mwingine, wenye ushuru wa stempu na hesabu za kodi na TRA, na mkataba hausemi nani atalipa.

Kuna jambo jingine linaloniudhi humo. Anatoza riba, na bado anachukua nusu ya faida. Achague. Mwenye kukopesha kwa riba amelipwa riba yake, mradi upate faida usipate. Mwenye kutaka nusu ya faida ni mbia, na mbia anaweka fedha yake bila riba na anakubali kula hasara mkila hasara. Ubia wa namna hiyo ni mzuri kabisa na mimi siuogopi: ninyi mnaleta ardhi yenye thamani iliyokubaliwa kwa maandishi, yeye analeta fedha, mauzo yakianza kila mtu anarudishiwa kwanza kile alichoweka, kisha ndipo faida inagawanywa. Angalia mkataba wako: kuna mahali thamani ya shamba imetajwa? Kwa maelezo yako, hapana. Milioni zake 150 zinahesabiwa na kuzaa riba. Ekari tano za baba yako zimeingia kwa sifuri.

Muulize pia kama ana leseni ya kukopesha. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kampuni inayofanya biashara ya kukopesha lazima iwe na leseni ya Benki Kuu, na kwa kampuni za mikopo za daraja la pili, zisizopokea amana, Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia tatu na nusu kwa mwezi. Asilimia tano kwa mwezi ni sitini kwa mwaka. Mikopo ya nyumba ya benki zetu inazunguka kati ya asilimia 13 na 19, kwa mwaka. Najua benki haiwezi kuwakopesha leo, yeye kwenye hilo amesema kweli. Shamba lisilopimwa halina hati, na bila hati hakuna rehani ya kuandikisha. Ndiyo maana fedha binafsi inapata nafasi, na ndiyo maana ni ghali. Lakini ughali huo unapaswa kulipwa kwa muda mfupi na kwa kiasi kidogo, mpaka hati itoke. Hati ikitoka, milango mingine inafunguka, na hata wanunuzi wako wataweza kwenda benki wenyewe.

Sasa wewe na nafasi yako. Kaka yako amekwambia msimamizi ni wewe, saini tu. Msimamizi si mmiliki, mwanangu. Mahakama imekukabidhi ukusanye mali ya marehemu, ulipe madeni yake, uwagawie warithi, na uirudishie mahakama orodha ya mali na hesabu, ndani ya miezi minne tangu uteuliwe isipokuwa mahakama ikiongeza muda. Kama miaka mitatu imepita na hesabu hazijapelekwa, hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya mwekezaji yeyote. Ukiiweka mali ya warithi kwenye deni bila ridhaa yao, mdogo wako huyohuyo anayepeleka watu shambani ndiye atakayekufungulia kesi, na wewe ndiye utakayesimama mbele ya hakimu peke yako. Mume wako amefanya busara kukaa pembeni, ila hakikisha hakuna mahali anaposainishwa kama mdhamini.

Kaeni kikao, wote watano na mama, na muamue ardhi mnaimiliki vipi. Mnaweza kuandikishwa wote kwenye hati kila mmoja na sehemu yake. Mnaweza kufungua kampuni BRELA, kwa wakala wa serikali anayesajili kampuni, kila mmoja akawa na hisa, na hiyo ndiyo njia nyepesi kama kweli mnataka kuingia ubia na mtu wa nje, maana mbia anaingia kwenye kampuni na si kwenye hati. Kiwanja cha mama kitoke nje ya mpango wote huo. Kipimwe peke yake, hati yake iwe na jina lake, kisiwe dhamana ya deni lolote la mtu yeyote. Hilo halina mjadala, hata mfadhili akiwa malaika.

Huyo mdogo wako usimchukulie kama adui. Pengine ana shida ya fedha aliyoshindwa kuisema. Mkipata viwanja 16, yeye apewe viwili au vitatu vyake, akitaka kuuza auze vyake. Kwa sasa nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na nakala ya uteuzi wako, mwandikie kwamba shamba liko kwenye mirathi na asigonge mhuri kwenye mauziano yoyote bila wewe. Na pakeni rangi ubao pale barabarani, SHAMBA HILI HALIUZWI, herufi kubwa. Mnunuzi akishauona ubao huo, hawezi kusema kesho kwamba alinunua bila kujua.

Hela ya kupima. Umesema hamna, nami nakuamini. Wapo wamiliki wanaokubaliana na kampuni ya upimaji iliyosajiliwa kwamba malipo yawe viwanja: mpima anagharamia mchoro na upimaji, kazi ikiidhinishwa anachukua viwanja kadhaa alivyokubaliwa tangu mwanzo. Kwenu vinaweza kuwa vitatu au vinne, mjadiliane, na mkataba useme anakabidhiwa baada ya ramani kuidhinishwa na si kabla. Wewe ni mwalimu, uliza pia SACCOS yenu. Mkichanga watano na mkakopa kidogo, mchoro na upimaji mnaumudu, barabara ikachongwa kwa fedha ya viwanja viwili vya kwanza vitakavyouzwa. Kabla ya yote hayo nenda ofisi ya ardhi ya Manispaa ya Ilemela uulize eneo lenu limepangiwa nini kwenye Mpango Kabambe wa Mwanza wa 2015–2035. Kama limepangiwa matumizi mengine yasiyo makazi, mchoro wa mtu yeyote ni karatasi tu.

Kwa mwekezaji, usimfukuze. Mjibu kwa maandishi, kwa heshima, kabla ya mwisho wa mwezi wake. Mwambie familia iko tayari kuzungumza naye kwa masharti haya: hati zitoke kwa jina la familia, deni lake liandikishwe kama rehani, fedha itoke kwa awamu na riba ihesabiwe kwa kilichotoka, kila kiwanja kinapouzwa, sehemu iliyokubaliwa ya bei imlipe yeye na yeye aachie rehani ya kiwanja hicho hapohapo, ili mnunuzi apate hati yake safi bila kungoja deni zima liishe. Malipo ya wanunuzi yaingie kwenye akaunti ya benki yenye saini mbili, yako na yake. Nyumba za mfano zisubiri, au ianze moja. Na aonyeshe leseni yake, au aje kama mbia bila riba.

Akikubali kuzungumza juu ya hayo, mtafute wakili wenu, asiwe yule aliyeandika mkataba wake, mkampe asome kila kifungu kabla ya kusaini. Akija na karatasi nyingine ya kukutaka umpe hati ya uwakala ya kuuza kwa niaba yenu, hiyo ni kifungu cha saba kilekile kimebadilishiwa nguo, mrudishie. Akisema hawezi kusubiri, ana mashamba mengine ya kwenda kuyaangalia Usagara, mtakie safari njema. Shamba lenu halidaiwi na mtu leo.

Nisalimie mama. Na kikao kikikaa, niandikie mliyoafikiana, hasa kuhusu kiwanja chake.